Jinsi nilivyoumaliza mchezo wa Far Cry 2, pamoja na uzuri na upungufu wake

Far Cry 2, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na Ubisoft Montreal na kutolewa Oktoba 2008, una sifa mbaya kwa wachezaji wengi: wanauanza kwa hamu, wanaucheza kwa saa chache, kisha wanauacha njiani wakilalamikia vizuizi vya barabarani. Mimi nimeucheza hadi mwisho, na ninauhesabu miongoni mwa michezo bora ya kufyatua risasi inayomwacha mchezaji azunguke nchi nzima apendavyo, ingawa malalamiko hayo yana haki yake. Ninaeleza hapa namna nilivyokabiliana na kero hizo, kwa sababu ni katika kuzitafutia njia ndipo nilipouona uzuri wa mchezo wenyewe.

Mchezaji ni mamluki anayetumwa katika nchi moja ya Afrika isiyotajwa jina, akiwa na kazi ya kumuua Jackal, mfanyabiashara anayeziuzia silaha pande zote mbili za vita, UFLL na APR. Nchi hiyo imegawanyika mara mbili, Leboa-Sako upande wa kaskazini na Bowa-Seko upande wa kusini, na barabara zake zimejaa vizuizi vinavyolindwa na watu wenye bunduki. Ukiwaua walinzi wote wa kizuizi kimoja, ukaenda umbali mfupi tu kisha ukarudi, utawakuta wengine wamesimama palepale kana kwamba hapakutokea kitu. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa unamnyima mchezaji alama yoyote ya kazi aliyoifanya. Kibaya zaidi, askari wa upande uliokutuma wanakufyatulia risasi sawasawa na maadui zao. Mchezo unajitetea kwamba kazi zako ni za siri, lakini matokeo yake ni kwamba kuchagua upande kunakosa maana, kwa kuwa porini kila mtu ni adui yako.

Nilichoamua mapema ni kuzikwepa barabara kuu. Kila nusu ya nchi ina vituo vitano vya basi, kimoja katikati na vingine pembeni, na basi linakuvusha mbali bila kupita kizuizi hata kimoja. Nikishashuka kituo kilicho karibu na ninakokwenda, nilitafuta boti nikafuata mto, au nikatembea kwa miguu nyuma ya vilima. Katika nyumba za maficho kuna kitanda ambapo mchezaji huichagua saa ya kuamka, nami nilizoea kuamka usiku, kwa sababu gizani walinzi hawaoni mbali. Kabla ya kushambulia popote nilipanda mahali pa juu na kupachunguza kwa darubini, ambayo huweka kwenye ramani alama za akiba ya risasi, dawa, magari na bunduki kubwa zilizosimikwa. Safari ambayo wengine wanaiona kuwa adhabu ikageuka kuwa sehemu niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kila kazi ilinitaka nifikirie njia ya kwenda na njia ya kutoka.

Ramani yenyewe inastahili sifa ya pekee. Haikusimamishii mchezo unapoifungua, bali mhusika anaishika mkononi, hata akiwa anaendesha gari. Mara nyingi niliinamisha macho kutafuta njia panda, nikayainua na kukuta gari la adui linanijia mbio, bunduki yake ya juu tayari imeanza kufyatua. Gari likiharibika ni lazima ushuke, ufungue boneti na ukaze injini kwa spana huku risasi zikipita.

Kuhusu silaha, jambo lililoniokoa ni kutotegemea bunduki za kuokota. Bunduki ya adui aliyeuawa huwa na kutu, hukwama katikati ya mapigano, na mwishowe huharibika kabisa mikononi mwako. Kwa hiyo almasi nilizozipata, ambazo ndizo fedha za mchezo huu, nilizitumia dukani, na kila nilipopita karibu na duka niliingia katika ghala lake na kuchukua bunduki mpya, kwa sababu silaha ukishainunua mara moja unaichukua tena bila malipo. Silaha zaidi huingia dukani baada ya kuteketeza misafara ambayo mwenye duka anakuagiza uishambulie. Misafara hiyo huzunguka njia ileile bila kukoma, kwa hiyo nilitega bomu la rimoti barabarani, nikajificha kwenye nyasi na kuisubiri ije yenyewe.

Halafu kuna moto, ambao kwangu ndio fahari ya mchezo huu. Nyasi kavu zinashika, upepo unausukuma moto, na hakuna anayejua kwa hakika utaishia wapi. Katika shambulio moja nilirusha chupa ya petroli upande upepo unakotoka. Moto ukafika kwenye masanduku ya risasi, yakaanza kulipuka, na walinzi wakatimka huku na huku. Wakati huohuo malaria ikamshika mhusika wangu, macho yake yakaingia ukungu, nikalazimika kummezesha kidonge huku moshi ukinikaribia. Hakuna aliyepanga tukio hilo liwe hivyo. Lilizaliwa na sheria za mchezo zenyewe zilipokutana.

Upande wa watu ndio ulioniumiza. Mwanzoni, ukiwa ndani ya teksi, unawaona raia wakiikimbia vita, na baada ya hapo, ukiacha raia wachache waliojificha, nchi inabaki ya mamluki watupu. Hakuna soko, hakuna shamba lenye mkulima, hakuna mtoto. Najua ni nchi iliyo vitani, lakini hata vitani kuna watu wanaochota maji na kuuza mihogo, na mimi kama Mwafrika niliwatafuta nisiwaone. Wahusika unaozungumza nao wanasema haraka mno, kana kwamba wanakimbizwa, hata maneno mazito yanapita kabla hujayashika. Pundamilia, nyumbu na nyati wapo, lakini hakuna simba wala chui wa kumtia mtu hofu porini.

Far Cry 3, iliyotoka mwaka 2012, ilirekebisha jambo lililolalamikiwa zaidi, kwani kambi ukiikomboa inabaki imekombolewa, na malaria haipo tena. Ni mchezo mwepesi zaidi kuuingia, na kwa anayeanza ningempa huo kwanza. Lakini kambi iliyokombolewa haina tena sababu ya kunifanya niamke usiku, nifuate mto na kulala kifudifudi kilimani nikihesabu walinzi, na ndiyo maana ninaporudia mojawapo, narudia Far Cry 2.