Maonyesho Yaliyonivunja Moyo Kwenye Tamasha la Filamu

Kila tamasha la kimataifa la filamu lina maonyesho yake mabovu, na mtu anayetaka kuona filamu nyingi ndani ya siku chache sharti akubali kupoteza jioni kadhaa. Hilo silinung'unikii. Ninalolinung'unikia kuhusu tamasha nililohudhuria hapa Dar es Salaam ni kwamba maonyesho yaliyoniudhi zaidi hayakuharibiwa na filamu zenyewe.

Nianze na iliyokuwa mbovu kweli, nisije nikaonekana nawatetea waongozaji. Ilikuwa filamu ndefu kuhusu kijiji cha wavuvi, iliyopigwa kwa ustadi mkubwa, ambamo kamera ilimtazama mama mmoja mara kwa mara bila yeye kupewa hata jina. Orodha ya wafadhili mwishoni ilikuwa ndefu kuliko ya waigizaji. Sina ugomvi na ufadhili: Hubert Bals Fund ya Rotterdam, iliyoanzishwa mwaka 1988, na World Cinema Fund ya Berlin, iliyoanza mwaka 2004, zimesaidia filamu nyingi ambazo huenda zisingetengenezwa. Hata hivyo, mwongozaji anayeandika maombi miaka nenda miaka rudi kwa wasomaji walio mbali huweza kuzoea kumweleza kijiji mtu asiyewahi kukiona, na sisi tuliokulia pwani tukajikuta tunafundishwa kwa nini dagaa huanikwa juani.

Filamu ya Iran niliyoisubiri kwa hamu ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa ya umbo pana, lile ambalo upana wake ni mara 2.39 ya kimo chake, nayo maandishi ya tafsiri yalikuwa yamewekwa kwenye ukingo mweusi wa chini. Fundi wa projekta, kwa kutaka picha ijaze skrini nzima, aliikuza mpaka pande mbili zikakatika na maandishi yakaangukia ukutani, chini ya skrini, yasisomeke. Watu walipiga kelele, picha ikasimamishwa, ikarekebishwa, na filamu ikaendelea pale pale ilipokatizwa, kana kwamba mazungumzo yaliyotupita hayakuwa na maana. (Taa ya mlangoni nayo iliendelea kuwaka hadi mwisho, sijui ilimwangazia nani.)

Baada ya marekebisho hayo niligundua kwamba sehemu kubwa ya ukumbi ilikuwa bado gizani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza peke yake, yakipita upesi, na vijana waliokaa mstari wa mbele yangu walikuwa wakinong'onezana kuulizana nani kasema nini, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mtu angeweza kudai kwamba hawana subira ya sinema nzito. Mimi sikubali, kwa sababu huu ndio mji ambao watu wake walijazana kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mitaani, kutazama filamu za Kihindi, za Kichina na za Kinigeria, wakifuata kila kisa bila kujua lugha yake, kwa kuwa kulikuwa na watafsiri kama Lufufu waliosimulia kila kitu kwa Kiswahili, wakiongeza na utani wao. Usahihi wa tafsiri zile ni mjadala mwingine, lakini hakuna aliyetoka kibandani akiuliza filamu ilihusu nini.

Katika kipindi cha maswali kijana mmoja aliuliza kwa adabu kwa nini hapakuwa na tafsiri ya Kiswahili, na mwendesha mjadala akajibu kwamba bajeti haikuruhusu. Jibu hilo lingekubalika kama gharama ingekuwa kubwa. Faili la tafsiri ya filamu ni maandishi matupu yenye muda wa kuingia na kutoka kwa kila sentensi. Toleo la Kiingereza likishapatikana, nyakati zote zimekwisha kupangwa, na kinachobaki ni kazi ya siku chache kwa mtu anayezijua lugha zote mbili. Wapo wengi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaosomea tafsiri, na tamasha lilikuwa na miezi mingi ya kuwatafuta.