Nchi ya Makamu Wawili: Kutoka Dar hadi Mtambwe

Kusi ilikuwa imechachamaa. Julai ni mwezi wake, kila mtu wa pwani anajua, lakini mimi nikajitia ushujaa nikala chapati mbili na maharage pale bandarini Dar es Salaam kabla ya kupanda boti ya asubuhi. Hata kisiwa cha Mbudya hatujakiacha mbali, chapati zikaanza kudai njia ya kurudi. Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu akafungua mkoba, akanipa ndimu iliyokatwa.

"Nusa, mwanangu. Na usitazame maji."

Nikanusa hadi mnara wa Chumbe ulipochomoza. Hapo yule mama akafungua viganja, akasoma fatiha. Ilikuwa 2022, miaka kumi tangu MV Skagit izame upande huo, tarehe 18 Julai 2012, nayo ikitoka Dar kama sisi. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na watu kwa mamia hawakurudi.

Meli hizo ndizo zilizonifanya nianze kuifuatilia Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, iliyowakutanisha CCM na wapinzani wao, ambayo wenyewe huiita SUK. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano katika misiba yote miwili alikuwa Hamad Masoud Hamad wa CUF, chama ambacho hadi 2010 kilikuwa upinzani. Baada ya Skagit alijiuzulu. Nakumbuka nilivyosikia habari ile redioni nikaiongeza sauti, kwa kuwa sikuzoea kusikia waziri akiachia ngazi. Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata: Rais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein, mtu wa CCM, akamteua Rashid Seif Suleiman, naye wa CUF. Waziri aliondoka, kiti kikabaki kwa chama chake.

Tukashuka Malindi, bandari ya Unguja. Nikaweka begi gesti, nikaenda Jaws Corner kunywa kahawa, maana ukitaka kusikia siasa ya Mji Mkongwe huendi ofisini. Baraza lile lina historia ya CUF. Mkabala wake kisiasa, si kijiografia, ni Kisonge kule Michenzani, maskani ya CCM ambayo ubao wake wa vijembe unajulikana kisiwa kizima. Nilifika kote kuwili siku hiyo hiyo. Kahawa ya Jaws Corner ni bora, na wa Kisonge wanisamehe.

"Wewe wa bara, hebu kaa kitako," mzee mmoja mwenye kofia ya vito aliniambia. "Tulikuwa na Seif wawili. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia, lakini nikamwacha asimulie, kwani alisimulia vizuri. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume wa CCM na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu ya Zanzibar, baada ya miafaka miwili ya CCM na CUF, wa 1999 na wa 2001, kushindwa kutuliza mambo, na mazungumzo ya tatu kukwama 2008. Julai 31, 2010, wananchi wakapiga kura ya maoni: asilimia 66.4 wakaikubali serikali ya umoja. Katiba ikabadilishwa. Cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa, wakaja makamu wawili wa rais. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule Shein alimshinda Maalim kwa asilimia 50.1 kwa 49.1, kura 3,471 tu. Kwa miaka ya nyuma, tofauti kama hiyo ingemwaga damu. Safari hii Maalim Seif akaapishwa Makamu wa Kwanza, na Balozi Seif Ali Iddi wa CCM akawa wa Pili. Wizara zikagawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza la Wawakilishi.

"Na nani mkubwa kati yao?" nikauliza.

Baraza zima likacheka. Mzee akapiga funda la kahawa. "Wa Kwanza anamshauri Rais. Wa Pili anaendesha shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi. Sasa we mwenyewe pima."

Nimepima, na naona walimpa mmoja heshima, mwingine wakampa funguo. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema nafasi ile ilikuwa pambo. Mawaziri wa CUF walishika Afya, Biashara, Katiba na Sheria, na hiyo bahari iliyokuwa ikimeza watu. Mtu aliyezoea kuilaumu serikali akajikuta yeye ndiye wa kulaumiwa.

Asubuhi ya pili nikapanda boti ya Pemba. Tukaiacha Bwawani kwa nyuma, hoteli ambako matokeo ya 2015 yalikuwa yakitangazwa hadi tarehe 28 Oktoba, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alipoufuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 CUF waliususia, Shein akapata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikisha asilimia 10 inayotakiwa, kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu zaidi ya miaka minne. Vyama vidogo vilipewa uwaziri mmoja mmoja. Sina la kuongeza juu ya kipindi kile. Hata mwenyeji wangu wa Wete alikiruka.

Mkoani hadi Chake Chake harufu ya karafuu ilituandama, zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Chake nayo ina kisa chake: Januari 1961 chama cha ASP kilishinda jimbo hilo kwa kura moja tu. ASP ikawa na viti 10, chama cha ZNP 9, cha ZPPP 3, na wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku mmoja kule. Kumi na moja kwa kumi na moja! Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, ukaja na ghasia zilizoua watu 68, ndipo ZNP na ZPPP wakaunda serikali ya pamoja iliyokuja kuongozwa na Mohammed Shamte, Mpemba. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakaiondoa. Kwa hiyo serikali ya mseto si kitu kigeni visiwani. Kigeni ni mseto wa wale wanaochukiana.

Wete nilipokewa na mzee ambaye ni rafiki wa marehemu baba yangu. Alinikalisha barazani, akanisimulia miaka ya tisini.

"Tulikuwa hatuzikani, mwanangu. Duka la CCM hununui, gari ya CUF hupandi. Ndugu yangu khalisa alifiwa na mke, sikwenda. Mlango wa tatu tu hapo!"

Halafu Januari 2001, maandamano, risasi, watu wakikimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya kuvulia. Kwake yeye SUK haikuwa mawaziri. Ilikuwa siku aliyopeleka sinia ya boko boko nyumba ile ya tatu.

Kijana wake, anayeendesha bodaboda, alikuwa akisikiliza huku akisugua rimu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Maalim Seif, wakati huo wa chama cha ACT-Wazalendo, alitangazwa kupata asilimia 19.87 dhidi ya 76.27 za Hussein Mwinyi wa CCM. Pemba kulikuwa na vifo. Desemba 8 Maalim akaapishwa tena Makamu wa Kwanza.

"Damu haijakauka, yeye kashaapa," kijana akasema bila kuinua uso.

"Ulitaka tusizikane tena?" baba akamjibu.

"Baba, walokufa tuliwazika. Nani kashitakiwa?"

Mzee hakujibu. Nami nilinyamaza, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na haki yake.

Jioni kijana huyo huyo akanipeleka Mtambwe, alikozaliwa na kuzikwa Maalim. Njiani nilimweleza kwamba mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyemteua Maalim kuwa Waziri Kiongozi, na mwaka 2020 mwanawe, Hussein, ndiye aliyemteua kuwa Makamu. Akasema, "Najua," akaongeza mwendo. Maalim aliishi siku 71 baada ya kiapo kile cha mwisho. Akafuata Othman Masoud Othman, na mwaka ule wa 2022 mawaziri wawili wa ACT walikuwa wakiendelea: Afya kwa Nassor Ahmed Mazrui, aliyekuwa wa Biashara enzi za CUF, na Biashara kwa Omar Said Shaaban.

Kaburini nilisoma fatiha fupi, nikarudi kwenye pikipiki. Kijana alikuwa bado amesimama, ndara kavua, viganja wazi. Nikamsubiri. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia alipokuja, akavaa ndara, akapiga kiki.

"Bei ile ile," akasema. "Ila kurudi utashika tochi, taa ya mbele imekufa."