Kwenda Kihansi Kuutazama Mbuni

Baba amepalilia mibuni Mbozi tangu ujana wake, nami nimekulia kwenye vikapu vya kuchumia. Naijua harufu ya shamba linapochanua baada ya mvua za kwanza. Nayajua madoa meusi ya ugonjwa wa chulebuni kwenye matunda mabichi, na unga wa rangi ya chungwa ambao kutu ya majani huuacha kidoleni. Kwa hiyo nilipompigia simu kumwambia naenda Kihansi, korongo la milima ya Udzungwa, kuona mbuni wa porini usioota mahali pengine popote duniani, alinyamaza kwanza.

"Hauoti kwingine hata mtu akichukua mbegu?"

"Baba, mbegu za kule hazichukuliwi ovyo."

"Basi utazame vizuri," akasema. "Na unisalimie huo mbuni."

Nilipanda treni ya TAZARA Mbeya. Makambako tulifika jioni, akaingia mama mmoja na ndoo ya maparachichi, akatuamkia "Kamwene" huku amejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Kuanzia hapo reli inaacha nyanda za juu na kuteremka kuelekea bonde la Kilombero, na kwangu hicho ndicho kipande bora cha njia nzima. Giza lilikuwa limeingia, nikawa nayahesabu mahandaki kwa masikio: treni ikizama ndani ya mwamba mlio wa magurudumu unakukaba, ikitoka unatawanyika, na hapo ujue chini yako pengine kuna daraja na korongo. Nilipoteza hesabu kwa usingizi. Mlimba niliteremka sweta likiwa mkononi, hewa ya joto na unyevu imenijaa usoni. Nikatafuta gesti.

Asubuhi bodaboda ikanipeleka hadi chini ya milima ya Udzungwa. Kibali nilikuwa nimeshakiomba mapema. Kabla ya kuingia korongoni unaosha buti kwa dawa, usije ukaingiza kuvu inayoua vyura, nami nilisugua nyayo zangu mara mbili.

Chura wa Kihansi karibu kila Mtanzania amemsikia. Ni kachura kadogo ka rangi ya dhahabu, kanazaa watoto badala ya kutaga mayai, na kaligunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Mto Kihansi ulikuwa ukianguka kwa nguvu kiasi kwamba korongo zima lililowa kwa manyunyu usiku na mchana. Mwaka 2000 zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za maji zikawa zimeelekezwa kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mlima, mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika. Vyura wapatao 500 walikwisha kupelekwa Marekani kufugwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Habari hiyo tuliijadili vijiweni na bungeni, wengine wakiuliza chura ana faida gani.

Mbuni haukujadiliwa. Na hili ndilo lililonitoa nyumbani: mti huu ulipewa jina la kitaalamu, Coffea kihansiensis, mwaka 2004. Aaron Davis, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, Uingereza, na mwenzake Mvungi ndio walioutangaza. Miaka minne ilikuwa imepita tangu maji yapunguzwe! Sisemi umeme usingezalishwa, taa tunazihitaji. Lakini kugeuza mto kabla hujawajua wanaounywa, hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Mlinzi aliyeniongoza, kijana mpole, alitangulia kwenye njia ya mbao. Pembeni mabomba yalikuwa yakirusha manyunyu ya kutengenezwa juu ya majani na moss, yakichukua nafasi ya yale ya maporomoko.

"Wageni wengi huulizia chura, dada," alisema. "Mbuni ni ule pale."

Nilitarajia mti mkubwa zaidi. Ulikuwa kichaka tu chini ya miti mirefu, lakini niliutambua kabla hajamaliza kuunyooshea kidole, kwa jinsi majani yake yalivyokaa mawili mawili, yakitazamana, yakimeta. Ni kama kukutana na mtu njiani ukamjua ukoo kwa paji la uso. Maua yalikuwa yamenyauka, ya kahawia, yamening'inia. Ua la mbuni halina subira, hata Mbozi ukichelewa siku mbili umelikosa. Nikapiga magoti, nikaona moja chini ya tawi, bado jeupe. Nikalinusa. Mvua na mwamba ulioloa vilikuwa vimemeza harufu yote.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko kijana alivyopenda. Duniani kuna aina 124 za mibuni zilizokuwa zikijulikana utafiti wa mwaka 2019 ulipotolewa, na 75 kati yake zilionekana kuwa hatarini kutoweka. Sisi wakulima tunategemea mbili tu, arabika na robusta. Ukame au ugonjwa mpya ukija, dawa huenda imo ndani ya ndugu kama huyu ambaye hajawahi kuuzwa mnadani. Hata kama haimo, ningependa aishi.

Jioni nikampigia baba kutoka Mlimba.

"Shikamoo baba. Nimeuona."

"Marahaba. Una kutu?"

Nilikuwa nimegeuza jani nikaangalia upande wa chini, kama alivyonifundisha nikiwa darasa la tatu.

"Niliyoyageuza hayana."

"Kivuli?"

"Kipo kizuri."

"Na maji?"

"Wanaupimia, baba."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kesho narudi na treni ya saa ngapi.