Sello yangu na mvua ya Ngong Road

Treni ya mchana ilinitoa Miritini, Mombasa, giza likanikuta Syokimau, Nairobi, na sello, ile fidla kubwa, mgongoni. Kesho yake, pale steji ya Railways, makanga akaiangalia juu mpaka chini: "Sista, hilo jeneza litalipiwa siti." Nikalipa. Ngong Road ilikuwa jam tupu, na mawingu ya Aprili yamejaa.

Nilikuwa nimeitwa kurekodi muziki wa mchezo wa kompyuta, kwenye ukumbi wa kanisa, wapigaji 16. Mtunzi, kijana asiyetulia, alikuwa ameshautunga wote kwa kompyuta kwa sauti za ala zilizorekodiwa zamani. Akatusikilizisha. Fidla zake zilikuwa safi mno, kama mtu anayeimba bila kuvuta pumzi. Ndiyo maana tuliitwa sisi wenye pumzi.

Nilidhani tutapiga wimbo tuumalize. Wapi! Mchezo unahusu mvuvi. Bahari ikitulia husikika sello tu. Wimbi likiinuka fidla zinaingia. Papa akitokea, ndipo tarumbeta na ngoma. Na hakuna ajuaye mchezaji atakaa dakika ngapi kwenye maji matulivu. Basi kila tabaka hurekodiwa peke yake, kwa mwendo uleule, halafu mchezo wenyewe huyapandisha na kuyashusha. Sikio moja lilikuwa na hedifoni inayogonga tiki-tiki, la pili liko wazi nimsikie jirani. Kondakta wa muziki (si yule wa siti) akatuonya tuzibane hedifoni vizuri: mlio wake ukivuja, maikrofoni tatu zilizoning'inia juu ya kichwa chake zitaunasa, na kuutoa ni kazi.

Kilichonishangaza ni kile kipande cha kuzunguka, kinachojirudia mchezoni. Tulikipiga mara mbili mfululizo, mtunzi akachukua mara ya pili tu. Mwangwi wa mwisho wa raundi ya kwanza huangukia juu ya mwanzo wa ya pili, kwa hiyo muziki ukijirudia sikio halishtuki. Miaka yote niliyoshika sello, jambo hilo halikuwahi kunijia.

Saa sita mvua ikashuka juu ya mabati, kazi ikasimama. Chai, mandazi, na mazungumzo yakafika tu kwenye "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili ambao Mmarekani Christopher Tin aliutungia Civilization IV, mchezo uliotoka 2005. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya muziki ya Grammy, na ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuipata. Mpiga fidla mmoja wa Korogocho akauanzisha, sote tukaitikia, vikombe mkononi. Huo haukurekodiwa, na kwangu ndio uliokuwa mtamu kuliko yote siku ile.

Mvua ilipokatika tulimaliza ngoma haraka. Mwisho mtunzi akaomba nusu dakika ya kimya: hata ukimya wa ukumbi hurekodiwa, uzibe mapengo wakati wa kuunganisha. Tukakaa, upinde hewani, hakuna aliyegusa karatasi. Nje, mfereji wa bati ukadondosha tone.

"Tena," akasema.