Namna ninavyokagua kisu cha kuchinjia

Kila Idd el-Hajj ikikaribia nasikia ushauri uleule: ukitaka kujua kisu kimeshika makali, nyolea malaika ya mkono. Ushauri huu unanikera sana, maana anayeumia ukishindwa si aliyeutoa, ni mnyama.

Mimi huchinja hapa mtaani kwetu Tanga, mbuzi wengi na ng'ombe wachache, na siku hizi watu huniletea visu vyao nivikague kabla ya sala ya Idd. Najivunia hilo. Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Sahih Muslim inatuamuru tuchinje vizuri, tunoe visu na tumpumzishe mnyama. Kisu kinatakiwa kipite koo, umio na mishipa mikubwa ya damu kwa mvuto wa haraka. Ukigundua ubutu wakati umeshaanza, umechelewa.

Malaika hudanganya hivi: ukinoa upande mmoja kwa tupa au kwenye kinoo, chuma husukumwa kikajikunjia upande wa pili, kikaacha utando mwembamba ukingoni. Utando huo hunyoa vizuri mno. Ukikutana na ngozi unalala, na kisu kimekwisha. Tena mkononi unapima kipande kidogo tu cha makali, wakati shingo itakutana na kisu kizima.

Kuujua utando, weka dole gumba ubapani, ulivute kutoka mgongo wa kisu kwenda nje kupita makali, pande zote mbili. Usilipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Upande mmoja ukikwaruza na mwingine ukawa laini, utando upo. Rudi kwenye kinoo kwa mkono mwepesi, badilisha upande kila mvuto, kisha malizia kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi, mgongo wa kisu ukitangulia.

Usiku nazima taa, nawasha tochi ya simu na kuyatazama makali yakiwa yameelekea juu. Makali yaliyokaa sawa hayana mahali pa kurudishia mwanga, kwa hiyo huoni kitu. Palipokufa panameta. Baada ya hapo kucha: nakivuta juu ya ukucha wa dole gumba kwa uzito wake tu, kuanzia penye mpini hadi nchani. Pengo ambalo jicho halilioni, ukucha unalisikia. Kisu kinakwama kidogo sana, kisha kinaachia. Wachinjaji wa Kiyahudi nao hukagua kwa kucha, na kwao pengo dogo tu linatosha kukitoa kisu kazini.

Gazeti na nyanya sivikatai, ila nimeona visu vilivyopasua gazeti bila mlio vikiteleza juu ya manyoya ya mbuzi. Ndipo nikabuni kipimo changu mwenyewe, ninachokipenda kuliko vyote. Nikishachuna, nabakiza kipande cha ngozi ya shingo pamoja na manyoya yake, nakitia chumvi, nakianika kivulini. Idd ikikaribia nakiloweka mpaka kilegee, nakitandika juu ya kitambaa kilichokunjwa, chini kibao. Navuta mara moja, bila kukandamiza. Kisu kinachofaa kinazama: manyoya yanaachana, ngozi inafunguka, na mkono unahisi kitambaa kimeguswa. Kisichofaa kinayalaza manyoya upande mmoja na kupita juu yake. Ngozi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba makali yaliyolainishwa kupita kiasi hupendeza kwenye karatasi kuliko kwenye ngozi. Sasa sinoi mpaka kioo. Nayaachia vimeno vidogo visivyoonekana, ndivyo vinavyouma.

Mwaka jana jirani alikuja na kisu kipya cha dukani, mkono wake wote umenyolewa. "Ustadhi, hiki hakina haja ya kukaguliwa." Nikampa ngozi akate mwenyewe. Kikateleza. Akakandamiza, kikaingia nusu na kuikunja ngozi. Hakusema neno, alikaa barazani tukakinoa pamoja mpaka usiku, na alipokijaribu tena kikazama mpaka kwenye kitambaa. Kesho yake mbuzi wake alimalizwa kwa mvuto mmoja.

Gharama si kubwa. Kisu changu mhunzi alikifua kutoka kwenye springi ya gari, na kinoo cha pande mbili ni elfu kumi na kitu, kutegemea duka. Kinachotakiwa zaidi ni kuwa na visu viwili vilivyokaguliwa, maana kimoja kikigusa mfupa wa shingo makali yanakatika hapohapo, na haifai kunoa mbele ya mnyama anayesubiri. Kila baada ya mnyama nakifuta damu, nakipitisha tena kwenye ukucha. Kikikwama nakiweka kando, nashika cha pili. Cha kuchunia ni kingine kabisa, na hakichanganywi na hivi viwili.