Siku moja maishani mwangu: majaribio 17 mekundu

Saa 12 asubuhi daladala, saa 2 nipo mezani. Mama huwaambia majirani kuwa mwanawe "anachapa kompyuta". Mimi ni mtengenezaji wa programu, na leo ningetamani akae pembeni yangu.

Hadi saa 4 nimemaliza kurekebisha sehemu ya tarehe kwenye pakeji yetu ya fomu, yaani furushi la msimbo linalotumiwa na programu zetu zote. Majaribio yake yenyewe, vipimo 84 vya kiotomatiki vinavyokagua msimbo, yamepita. Kabla ya kuitoa nataka kuiona ndani ya programu ya wateja, kwa hiyo naiunganisha kwa npm link, amri ya npm, chombo cha kusakinisha pakeji.

Saa 4 na dakika 10 naendesha majaribio ya programu. Kati ya 52, yamefeli 17 na kuwaka mekundu, na kosa ni lilelile: useState, sehemu ya React (maktaba inayochora kurasa zetu) inayotunza anachoandika mtumiaji, imeitwa isivyo halali. Mimi useState sijaigusa! Nasoma msimbo wangu mstari kwa mstari. Nafuta node_modules, folda ya pakeji zilizosakinishwa, nasakinisha upya, kiungo nacho kinapotea, naunganisha tena. 17. Nalinganisha matoleo ya React: huku 18.2.0, kule 18.2.0. Hapo ndipo nilipopotea, maana niliamini toleo likilingana basi React ni moja.

Bosi anapita. "Kaka, si tarehe tu hiyo?"

"Inakuja, bosi."

Umeme unakatika. Wali umepoa kwenye hotpoti. Macho yanawasha, na kila nikijaribu jambo jipya, namba ni ileile.

Alasiri, saa ngapi sikumbuki, nikaacha msimbo nikasoma orodha ya yaliyofeli. Vipande vya ukurasa vinavyoonyesha maandishi tu vilikuwa vimepita vyote. Vilivyofeli ni vile vinavyotunza alichoandika mtumiaji. Nikaweka require.resolve('react'), inayoonyesha React inachukuliwa folda gani, pande zote mbili, zikatoka njia mbili tofauti. Kumbe npm link hainakili pakeji, inaweka kiungo tu. Node, kinachoendesha msimbo wetu, hukifuata kiungo hadi folda halisi, kisha huanza kutafuta React kutokea huko, na huko ipo: niliisakinisha mwenyewe kwa ajili ya yale majaribio 84. Kuitaja kwenye peerDependencies, orodha ya vitu ambavyo pakeji inategemea programu iwe navyo, kama nilivyofanya, hakuiondoi. React ya programu ndiyo iliyokuwa ikichora ukurasa, kipande changu kikawa kinaiita React nyingine iliyokaa bila kazi.

Nikatoa kiungo, nikaifunga pakeji kuwa faili moja la tgz kwa npm pack, nikasakinisha faili hilo ndani ya programu. Safari hii pakeji iliingia bila React yake, ikatumia ile ya programu. Yakapita yote 52, na mikono ilikuwa inanitetemeka kwa njaa na furaha.

Nikiwa nafunga begi, binti aliyeajiriwa mwezi uliopita akanisogelea. "Kaka, jana ilinigomea hivyohivyo. Nilidhani mimi ndiye sijui kazi."

Nikamvutia kiti. Tukaiunganisha upya kwa npm link, tukaiacha ifeli, nikamwonyesha zile njia mbili. Saa 1 usiku ilitukuta bado ofisini.