Kombolela ya Hamugembe

Basi lilitoka Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi, nami nimepakata fuko la mipira kama mtu anayepeleka jogoo kwa wakwe. Ilikuwa Oktoba 2016, mwezi mmoja baada ya tetemeko la ardhi la Kagera, nasi tulikuwa tunakwenda Bukoba kucheza na watoto walionusurika. Chini ya kiti nilikuwa na kamba za kuruka, makopo matupu, chupa za plastiki, kalamu za rangi, na pakiti mbili za maputo ambayo habari yake inakuja. Tulikuwa sita, wote wa kujitolea: walimu watatu wa chekechea, wanafunzi wawili wa ustawi wa jamii, na nesi mstaafu tuliyemwita Mama Mkubwa. Kati yetu ni yeye peke yake aliyewahi kuifanya kazi hii.

Wakati ule, kama hupandi ndege, Mwanza hadi Bukoba ilikuwa barabara tu, zaidi ya kilomita 400 kulizunguka ziwa kwa kusini. Meli ya MV Victoria ilikuwa imesimama tangu 2014. Na barabara yenyewe ilikatwa na maji pale Kigongo: unashuka kwenye basi, unangoja kivuko kikuvushe hadi Busisi. Siku hizi kuna daraja la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, unapita kabla hujamaliza kumenya yai. Siku ile tulingoja saa mbili nzima, na sijutii, maana ndipo tulipofundishwa kazi.

Mama Mkubwa alituketisha kivulini, jirani na mama muuza samaki wa kukaanga, akaanza kutunyang'anya tuliyodhani tunayajua. "Usimuulize mtoto alikuwa wapi siku ile. Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, si jipu lako ukalitumbue." Alikuwa na nakala iliyochakaa ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ule wa mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa watoto yeye aliongeza lake: kila siku saa ile ile, mkeka ule ule, watu wale wale. "Ardhi imewageuka. Angalau nyie msiwageuke." Na tusiahidi kitu, hata pipi.

Tetemeko lilikuwa limepiga Jumamosi, Septemba 10, saa tisa na dakika 27 alasiri, likiwa na ukubwa wa 5.9. Hata Mwanza tulilisikia. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, sufuria zikaanza kugongana zenyewe kwenye kichanja, nikadhani limepita lori la mawe. Kagera ndiko lilikoua: watu wasiopungua 17, na mamia wakajeruhiwa. Nyumba za matofali yasiyo na nondo hazikuwa na cha kushikilia. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Kwamba ilikuwa Jumamosi, madarasa mengi yakiwa matupu, ni jambo ambalo wazazi wa Bukoba walitutajia kabla hata salamu hazijaisha.

Geita, Katoro na Chato zilinipita nikisinzia. Niliamka Muleba, migomba imefunga pande zote mbili za barabara, na harufu ya mvua. Kuingia Bukoba ilikuwa jioni.

Tulipangiwa kata ya Hamugembe, kwenye kiwanja kilichozungukwa na migomba nyuma ya kanisa. Bibi mwenye eneo alitupokea kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza fuko lina nini. Nikasema mipira. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni, nyumba yake imebaki kuta mbili na turubai, akacheka bila furaha. "Waitu, sisi tunalala nje, mvua inanyesha, na nyie mmetuletea michezo? Mngeleta mabati."

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una ibara ya 31, inayompa mtoto haki ya kucheza. Nilikuwa nayo ulimini. Namshukuru Mungu niliimeza, kwa sababu mzee alikuwa na haki ya kusema alichosema. Mabati yalihitajika. Tulichoweza kumwambia ni kwamba kuanzia saa tatu hadi saa sita wajukuu zake watakuwa mikononi mwetu, yeye ashughulike na fundi. Hilo alilikubali papo hapo.

Siku ya kwanza niliiharibu mimi. Niligawa maputo. Kulikuwa na watoto kama 40, vicheko vya kutosha, nikajiona mjuzi. La kwanza lilipopasuka, kiwanja chote kilinyamaza. La pili, wakakimbia. Hawakukimbilia kwetu, walitawanyika kila upande, wengine wakilia, na mmoja wa miaka kama sita akalala kifudifudi katikati ya kiwanja, mikono kichwani. Ilituchukua asubuhi yote kuwarudisha mkekani. Mama Mkubwa hakunigombeza. Alichukua pakiti iliyobaki, akaenda nayo chooni, akarudi mikono mitupu.

Kesho yake niliharibu tena, kwa namna nyingine. Wavulana watano walikusanya vipande vya matofali, wakajenga kijumba cha kufika magotini. Mmoja akapaza sauti, "Tetemeko!" Wakakitikisa, kikaporomoka, wawili wakajitupa chini wakawa maiti, wengine wakawabeba wakilia kilio cha msiba, sahihi kabisa, hadi namna ya kujifunga kanga. Kisha wakajenga upya. Mara nne, mara tano. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Wazuie, mwalimu. Wanaliita." Nikaenda mbio nikawakataza, nikawapa mpira wakacheze chandimu. Waliupokea kwa adabu na kuuweka chini. Nilipogeuza kisogo, wakarudi kwenye matofali.

Mama Mkubwa akanivuta kando. Akanieleza kwamba baada ya tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, watoto walicheza hivi hivi, na Wajapani wana jina la mchezo huo: *jishin gokko*, kucheza tetemeko. Mtoto hana maneno ya kusimulia, ana mikono. Safari hii ni yeye anayesema lini ardhi itikisike, na lini iache. "Kwa hiyo usizuie. Kaa karibu, angalia wasiumizane, na uangalie mwisho wa mchezo. Ukibadilika, wanasogea. Ukibaki ule ule wiki baada ya wiki, mtoto amekakamaa, hana raha nao, huyo anahitaji mtu mwenye ujuzi kutuzidi. Ndiyo maana ya kuunganisha."

Nikakaa. Niseme ukweli, ilikuwa kazi ngumu kuliko kuimbisha darasa la watoto 60. Unatazama maziko matano kwa asubuhi moja, huruhusiwi hata kukohoa. Siku ya nne, mmoja wa wale maiti alikataa kufa. Alisema yeye ni fundi. Akaleta vijiti vya mgomba, akavichomeka pembe nne za kijumba, akawaamuru watikise. Kikaporomoka vile vile, wakacheka hadi kugaagaa, wakaanza kubishana vijiti viwe virefu kiasi gani. Bibi naye alicheka, ingawa baadaye alinong'ona sala.

Michezo mingine ilikwenda yenyewe. Wasichana walicheza rede, anayekwepa mpira akijaza chupa mchanga. Mdako ulikuwa wa wale wasiotaka kusimama. Kombolela ndiyo iliyonifungua macho. Unaijua: kopo linapigwa teke, mtafutaji analifuata, wengine wanajificha, akikukuta unasimama karibu na kopo, mpaka asiyekamatwa aje alipige teke na kuita "Kombolela!", wote mkawa huru. Kwa maisha yangu yote watoto wanajificha nyuma ya nyumba, kwenye kona, chini ya dirisha. Hapa, zaidi ya watoto 30, hakuna hata mmoja aliyesogelea ukuta. Wote walikimbilia migombani. Mtafutaji hakuhangaika kutazama kwingine. Na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Kulikuwa na msichana wa miaka kama tisa, sweta la njano kila siku, ambaye hakucheza chochote. Mama yake alitueleza kwamba hakubali kulala ndani hata kwa jamaa ambao nyumba yao haikuguswa, na kwamba ameanza tena kukojoa kitandani. Hatukumvuta. Nilimpa kazi ya kutunza chupa za rede. Alizipanga kwa urefu. Siku ya sita aliingia katikati mwenyewe, akakwepa mipira, akajaza chupa hadi shingoni, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Siku ya mwisho gari lilikuwa limeshafika kutupeleka stendi. Watoto walikuwa kwenye kombolela, watafutwa wote isipokuwa mmoja wamekamatwa na kusimama kando ya kopo, wakizomea. Mtafutaji, kijana mrefu, alikuwa migombani akipekua majani, anajua amebaki mmoja tu. Mimi nilimwona. Nyuma ya stoo ya kanisa, jengo dogo la matofali ya kuchoma ambalo fundi alikuwa amelikagua na kulipitisha, sweta la njano lilikuwa limesimama hatua moja kutoka ukutani. Alinyoosha kiganja, akaugusa, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria. Akaugusa tena. Mara ya tatu aliegemea.

Kisha akatoka mbio. Kopo lilipaa hadi karibu na gari letu, na sauti yake, ambayo kwa siku zote zile sikuwa nimeisikia ikipanda, ikaita "Kombolelaaa!"

Wakatawanyika wakipiga kelele. Mtafutaji alirudi kutoka migombani amefura. Akasema haihesabiki, pale hapajifichwi, kila mtu anajua ukutani hapajifichwi. Nani kasema? wakamuuliza. Akatafuta jibu, hakulipata, akasema basi kuanzia sasa iwe kanuni. Nusu wakakubali, nusu wakakataa, yule msichana akasimama na kopo mkononi akidai haki yake. Dereva alipiga honi mara mbili. Tulipokata kona ya barabara kuu bado walikuwa wanabishana.